Pesa ya familia isilale kiwanjani

Ukitoka Mbagala Rangi Tatu kwenda Chamazi, au ukipita Wazo kuelekea Bunju, hukosi kukutana na ukuta wa tofali ulioandikwa kwa rangi nyekundu: "Kiwanja hiki hakiuzwi. Ogopa matapeli." Nyuma ya ukuta ni majani matupu. Mara nyingi mwenyewe ni familia ya wafanyabiashara, ilinunua zamani na haina haraka. Je, ni busara akiba kubwa ya familia za Dar es Salaam ifungiwe kwenye ardhi, au wakati umefika sehemu yake iingie kwenye teknolojia?

Katika nchi tajiri, familia za namna hii huwa na ofisi yao: wahasibu, wanasheria na wachambuzi wanaosimamia mali ya ukoo mmoja tu. Ya John D. Rockefeller ilianzishwa Marekani mwaka 1882. Nguvu yake ni kwamba pesa ni ya wenyewe. Mfuko uliochangisha fedha za watu sharti urudishe mtaji baada ya miaka kadhaa, lakini familia inaweza kungoja hadi wajukuu. Kwetu kazi hiyo hufanywa na mzee, daftari lake na mtoto mmoja aliyesomea uhasibu. Subira hiyo tunayo pia.

Wanaotetea kiwanja wana hoja. Hati hukubalika benki kama dhamana. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016, mwenye eneo ng'ambo hakuhitaji kuinua hata jembe ili apate wateja. Fremu chache kando ya Barabara ya Kilwa, kila mpangaji akilipa kodi ya miezi sita mkononi, husomesha watoto. Kampuni changa ya programu za simu inaweza kufa ndani ya mwaka na isiache hata kiti cha kupiga mnada.

Hata hivyo, zege nalo hupoteza pesa. Mradi wa Dege huko Kigamboni, ambako Mfuko wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) na mbia wake walipanga kujenga nyumba zaidi ya 7,000, ulisimama mwaka 2016 maghorofa yakiwa hayajakamilika.

Kuna pia suala la haki. Thamani ya kiwanja hupandishwa na barabara, maji na umeme vinavyogharamiwa na umma, huku mwenye ukuta amekaa. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia. Muuza maandazi mwenye nyumba ya vyumba viwili Mbagala hukatwa anaponunua umeme. Kiwanja kitupu hakina mita, kwa hiyo kodi hiyo haikigusi. Kikiwa kimepimwa hudaiwa pango la ardhi. Kama hakijapimwa, mara nyingi hata hilo halipo. Kwa mpango huu tunamtoza aliyejenga na kumtunza anayengoja.

Mfano wa kuigwa uko hukohuko Chamazi. Familia ya Said Salim Bakhresa, iliyoanza na mgahawa mdogo Dar es Salaam miaka ya 1970, ilijenga pale uwanja wa Azam Complex. Ingeishia hapo, uwanja ungebaki jengo kama majengo mengine. Lakini mwaka 2013 ikaja Azam TV na ving'amuzi vyake, na Mei 2021 Azam Media ikasaini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni wa kuonyesha Ligi Kuu. Uwanja ukawa unazalisha picha, picha zikauza king'amuzi, na king'amuzi kikafika vijijini. Ardhi iliipa teknolojia kazi ya kufanya.

Kipimo hicho, cha teknolojia kutumikia mali iliyopo tayari, kinawafaa hata wasio na mabilioni. KopaGas ilianzia Dar es Salaam kwa kufunga mita kwenye mtungi wa gesi, mteja akalipia kwa simu kidogokidogo kadiri ya uwezo wake. Mwaka 2020 Circle Gas ya Uingereza iliinunua teknolojia hiyo kwa dola milioni 25. Mtungi na mpishi vilikuwa hapa, mnunuzi akatoka nje. Familia yenye ghala Temeke au malori barabarani inaielewa biashara kama hiyo kuliko mwekezaji wa London, maana inajua mteja ana pesa siku gani na gari hukwama wapi mvua za masika zikianza. Ianzie huko: vyumba vya baridi vya samaki, mita, mifumo ya kufuatilia mizigo.

Lakini kuna kikwazo ndani ya nyumba. Reginald Mengi, mwanzilishi wa kampuni za IPP, alifariki Mei 2019; miaka miwili baadaye Mahakama Kuu ikabatilisha wosia wake. Ikiwa mali ya ukubwa ule ilifikishwa mahakamani, daftari la mzee wa Kariakoo litasimama wapi? Kiwanja warithi wanaweza kukikata vipande. Kampuni changa ikigombewa miaka mitatu, hakuna cha kugawana. Kabla ya kununua hisa, familia iandike nani anaamua, kwa kiasi gani, na hasara ikifika wapi inajitoa.

Sisemi ardhi iuzwe yote. Familia itenge kiasi ambacho kikipotea chote watoto hawatarudishwa nyumbani kwa ada, ikipeleke kwenye teknolojia inayotumikia mali iliyonayo tayari. Serikali nayo ikitoze kiwanja kitupu angalau sawa na nyumba iliyojengwa. Kungoja kukianza kugharimu, wenye kuta watapiga hesabu upya, na vijana wenye mita na mifumo watapata mtaji Temeke kabla ya kuutafuta London.