Mgeni Apewe Kahawa Gani?

Miezi michache iliyopita alitufikia nyumbani, Dar es Salaam, mzee mmoja kutoka Karagwe, mjomba wa mke wangu na mkulima wa kahawa tangu ujana wake. Kwa kutaka kumstahi, nilitoa kabatini kopo la kahawa ya unga iliyotengenezwa ng'ambo, nikachemsha maji, nikakoroga. Mzee alipiga funda moja, akaligeuza lile kopo mkononi, kisha akauliza kwa upole: "Mwanangu, hii kahawa imelimwa wapi?" Nilisoma maandishi yote nisipate jibu. Kopo lilitaja nchi ya kiwanda. Nchi ya mkulima haikutajwa.

Niliona haya, kwani mgeni wangu alitoka katika mkoa ambao kahawa ilikuwa alama ya ukarimu kabla ya utawala wa kikoloni. Huko Kagera buni zilizochemshwa na kukaushwa, ziitwazo akamwani, hutolewa kwa mgeni azitafune hata kabla hajaeleza lililomleta. Pwani nako kuna dele, makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono na kashata. Kwa hiyo wanaodai kwamba kahawa ni zao la biashara tu, lililoletwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu, wanaikumbuka historia ya Kilimanjaro na kuisahau ya Kagera na ya pwani.

Madai hayo yana gharama. Kahawa inalimwa Kilimanjaro, Mbinga, Mbozi, Tarime na Kagera, lakini sehemu kubwa kabisa huuzwa nje ikiwa mbichi. Kazi ya kukaanga, kusaga na kufungasha, ambayo ndiyo huongeza thamani, hufanywa na wengine. Tunapoteza pia jambo lisiloonekana katika hesabu za forodha: uwezo wa kuhukumu ubora. Mkulima asiyeionja kahawa yake huambiwa na mnunuzi kuwa ni nzuri au mbaya, naye hana hoja ya kumjibu. Tazama Ethiopia, ambako karibu nusu ya mavuno hunywewa na wananchi wenyewe. Bei ya dunia ikianguka, mkulima wa huko bado ana mnunuzi jirani.

Basi tumpikie mgeni kwa njia gani? Mashine za umeme ni ghali, na umeme wenyewe tunaufahamu. Machujio ya karatasi yanafaa kwa mtu mmoja au wawili, lakini karatasi hizo hazipatikani kila duka. Mimi nimechagua dele, na asiye na dele atumie birika au sufuria yenye kifuniko. Chukua lita moja ya maji na gramu 60 hivi za kahawa iliyosagwa, sawa na vijiko vya chakula kumi au zaidi kidogo. Maji yakichemka, tia kahawa pamoja na kipande cha tangawizi iliyopondwa au iliki, punguza moto, acha ichemke taratibu kwa dakika chache. Ipua, subiri masimbi yatue chini, kisha mimina polepole. Lita hiyo hujaza vikombe vidogo zaidi ya kumi. Sukari si lazima. Kashata au tende zinatosha.

Nitaambiwa kwamba maisha ya mjini hayana nafasi ya kungoja masimbi yatue. Hoja hiyo ina uzito, na mwenye haraka simlaumu. Lakini haraka hailazimu kopo la ng'ambo: Bukoba kuna kiwanda cha kahawa ya kuyeyusha tangu miaka ya 1960. Kinachogomba hapa si unga dhidi ya buni, bali ni jasho la nani tunalinunua tunapomkirimu mgeni.

Swali hilo linawahusu zaidi ndugu zangu watumishi wa umma. Mikutano ya ofisi zetu ina bajeti ya chai, na nimehudhuria mingi ambapo wakulima walizungumziwa kuanzia asubuhi hadi jioni huku mezani pakiwa na kahawa isiyotoka kwa yeyote kati yao. Afisa manunuzi hahitaji sera mpya ili kubadili hilo. Aandike tu katika orodha yake: kahawa iliyolimwa na kukaangwa nchini.

Kesho yake asubuhi nilinunua kahawa ya Kagera, nikampikia mzee kwa dele. Tulipokuwa tukisubiri itue, alianza kunieleza gharama ya palizi, bei aliyopewa msimu uliopita kwa kahawa yake ya maganda, na jinsi mwanawe alivyotaka kung'oa mibuni apande maharage. Jana yake, nilipokoroga kikombe kwa haraka, hakunieleza lolote kati ya hayo, na mimi sikuuliza. Alipomaliza kikombe cha tatu aliniuliza kama naona mwanawe amekosea. Mpaka leo sijampa jibu, ila kahawa ninayowapikia wageni wangu sasa hutoka upande wa kwao.