Chanjo kwanza, mnyororo baadaye

Wadau, juzi rafiki yangu wa Mbagala kanipigia simu kwa furaha. Kapata mtoto wa mbwa! Vibaka wamezidi mtaani kwao, basi keshachonga banda, keshanunua mnyororo na kufuli. Nikamuuliza, "Na chanjo je?" Kimya. Kisha akacheka: "Bado mdogo huyo kaka, hata kubweka hajui."

Hapo ndipo wengi tunapokosea, kuanzia Chamazi mpaka Bunju. Mbwa kwetu ni mlinzi wa bei poa: ale makombo, usiku afunguliwe, basi.

Kichaa cha mbwa hakina mzaha. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka, na karibu waathirika wote waliambukizwa na mbwa. Watoto ni wengi miongoni mwao, walewale wanaochungulia getini kwako wakitoka shule.

Sasa ukimleta mbwa nyumbani fanya hivi. Wiki hiyohiyo mwone daktari wa mifugo. Atampa dawa ya minyoo na kukupangia chanjo, ikiwemo ya kichaa, ambayo kwa kawaida huchomwa akifika miezi mitatu na kurudiwa kama daktari atakavyoelekeza. Kadi yake itunze. Kabla hajamaliza chanjo usimwachie azurure na mbwa koko. Maji safi na kivuli ni haki yake; Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008.

Halafu jirani. Kuna anayewahi msikitini alfajiri, kuna anayewahi daladala saa kumi na moja. Mbwa wako akifunguliwa usiku, geti lifungwe. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja, hata kama kidonda ni kidogo.

Msiniambie haiwezekani. Pemba waliutokomeza ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa, ukarudi 2016, wakachanja tena mpaka ukakatika 2018.

Kwa maoni yangu, kama huna hela ya chanjo, basi hela ya mbwa bado huna. Weka taa ya nje kwanza. Mlinzi anayeweza kumuua mtoto wa jirani si mlinzi.

Rafiki yangu kaahidi kwenda Jumamosi. Nitamkumbusha Ijumaa.

Naomba kuwakilisha.