Choki Nayo Hula Umeme

Mwenye duka wa Bukoba au Muleba husoma "wati 36" kwenye taa ya mrija akadhani hesabu imekwisha. Sivyo. Mvuke wa zebaki ukishaanza kupitisha umeme, mkondo ungezidi mpaka mrija uharibike, lau usingezuiwa na choki, yaani waya uliozungushwa juu ya chuma. Choki ya namna hiyo hupata moto, na joto hilo ni umeme uliopotea: wati 9 hivi kwa kila mrija. Mita ya LUKU huzihesabu zote.

Tuchukue duka lenye mirija 10 inayowaka kwa muda wa saa 5 kila siku: uniti 2.25. Taa za LED za wati 18 zingetumia 0.9. Kwa siku 30 tofauti ni uniti 40.5. Wanafunzi wapige wenyewe hesabu hiyo kwa madarasa yao. Si jambo dogo katika mkoa ambao kwa miaka mingi ulinunua umeme Uganda, ukivutwa kutoka Masaka hadi Kyaka.

Hata hivyo siafiki pupa ya kutupa. Kila mrija una zebaki, na maji ya mvua (nayo Kagera si haba) huteremkia Ziwa Viktoria. Mwaka 2023, huko Geneva, wanachama wa Mkataba wa Minamata walikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya mirija hii ifikapo 2027. Basi mwenye duka naye aelezwe aipeleke wapi ya zamani. Halmashauri zetu zingeweka sanduku sokoni sasa, kabla mirija haijaanza kuvunjwa majalalani.