Miwani ya Gemu, Muziki na Mtoto Mwenye Kifafa



Mama mmoja wa Bunda ameniletea swali ambalo naona linawahusu wengi wetu. Mwanawe ana umri wa miaka 13. Aliwahi kuanguka kifafa mara mbili alipokuwa darasa la pili, akaanzishiwa vidonge, na kwa muda mrefu hakuanguka tena. Wakati wa likizo kijana wa jirani alimvalisha miwani ya gemu. Mtoto akacheza mchezo wa kulenga shabaha, muziki ukipiga masikioni na taa zikimetameta. Muda si mrefu akaanguka, akakakamaa na kutoka povu. Sasa ndugu wa mume wanasema gemu ile ina mapepo, na kwamba vidonge viachwe mpaka mtoto aombewe. Mama anauliza afuate lipi.

Mama mpendwa, vidonge visiachwe hata siku moja. Kumwombea mtoto ni jambo jema, wala sala haigombani na kidonge. Lakini mgonjwa wa kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata mianguko mfululizo isiyokatika, na mianguko hiyo huua. Baada ya kusema hilo, tuelezane mambo haya kwa utaratibu.

GEMU HII NI YA NAMNA GANI?

Miwani hii hufunika macho yote mawili. Ndani yake mna vioo vidogo vya picha, na mtoto akigeuza kichwa, picha nayo hugeuka. Hapo hujiona yuko ndani ya ulimwengu mwingine, ingawa amekaa sebuleni. Wataalamu wa lugha wameiita hali hiyo uhalisia pepe. Angalieni, ni pepe, si pepo. Wakulima wa mpunga wanajua pepe ni nini: ni punje yenye ganda lakini haina kiini.

Gemu za kulenga shabaha kwa muziki zimekuwapo siku nyingi. Moja ya zilizotangulia ni Rez, iliyotolewa mwaka 2001 chini ya Mjapani Tetsuya Mizuguchi. Mwaka 2016 ilitengenezwa upya kwa ajili ya miwani, ikaitwa Rez Infinite. Nimewahi kuivaa mwenyewe hapa Musoma, nyumbani kwa ndugu zetu wa Nyasho, kijana wao aliporudi likizo kutoka masomoni ng'ambo.

Katika sehemu kubwa ya gemu mchezaji haamui njia ya kupita. Huchukuliwa mbele kama abiria ndani ya treni, na kazi yake ni kutazama huku na huku na kulenga vinavyomjia. Anaweza kukusanya shabaha mpaka 8 kisha akaziachia kwa pamoja. Hakuna damu wala maiti, kwa maana maadui ni maumbo ya mistari na mwanga. Kila anayepigwa hutoa sauti, na sauti hiyo huingia ndani ya muziki. Hata mkono ukichelewa kidogo, mashine huisogeza sauti ikaangukia kwenye pigo.

Hapo ndipo penye utamu wake. Sisi wa Mara tunajua mpiga litungu anavyoimba na watu wakaitikia, na mwitikiaji naye akajiona ni mwenye ngoma. Gemu hii humfanya mtoto ajione hivyo hivyo. Kwa hiyo usishangae ukimwita mara tatu asisikie. Si kiburi. Macho, masikio na mikono yake yote imeshikwa kwa wakati mmoja.

KWA NINI MTOTO ALIANGUKA?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo mdogo, na umeme huo ukivurugika ghafla, mtu huanguka. Kwetu huku chanzo chaweza kuwa mtoto kuchelewa kupumua alipozaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, au mayai ya minyoo ya nguruwe kuingia mwilini. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Povu lile ni mate tu, wala haliambukizi.

Wako wagonjwa wachache, kama 3 katika kila 100 wenye kifafa, ambao mwanga unaowaka na kuzimika haraka huwaangusha. Hali hii huonekana zaidi kwa watoto na vijana. Mwanga wenye hatari zaidi ni ule unaomweka kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde moja. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, katuni ya Pokémon ilionyesha katika televisheni taa nyekundu na za buluu zilizopishana kwa kasi, na watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali jioni ile. Haikuwa lazima wavae miwani. Televisheni ilitosha.

Ndiyo sababu watengenezaji wa gemu huandika onyo juu ya kifafa kwenye makaratasi yanayokuja na mashine. Tatizo ni kwamba sanduku linapofika kwetu, karatasi hiyo imekwisha kutupwa, au imeandikwa kwa Kiingereza na hakuna aliyeisoma.

Basi mtoto huyu asivae miwani hiyo tena mpaka daktari aseme. Mpeleke katika kliniki ya hospitali ya wilaya anakochukulia dawa, ueleze alikuwa akitazama nini alipoanguka, na alikuwa ameruka vidonge au kukosa usingizi usiku uliotangulia. Mtoto akikua, kipimo cha dawa cha zamani huenda kisitoshe. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa mpaka 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa.

MTOTO AKIANGUKA

1. Tazama saa, ujue ameanguka kwa muda gani.
2. Mvue miwani, ondoa meza, jiko na vitu vigumu vilivyo karibu. Weka nguo laini chini ya kichwa.
3. Usimkandamize, wala usimtie kijiko, kidole au maji mdomoni.
4. Mtetemeko ukipungua, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke.
5. Kaa naye mpaka azinduke. Zikipita dakika 5 bado anatetemeka, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbize hospitali.

Siku nyingine zote, mtoto mwenye kifafa asiachwe peke yake kwenye moto wala kuogelea ziwani bila mtu mzima. Akina mama wa Musoma, hili la ziwa msilisahau.

HATA ASIYE NA KIFAFA

Kizunguzungu. Mtoto akisoma ndani ya basi la kwenda Mwanza hutapika, kwa kuwa mwili unasikia mwendo lakini macho yametulia kwenye kitabu. Miwani hufanya kinyume chake: macho yanaona mwendo na mwili umekaa kitini. Akianza kutoka jasho na kichefuchefu, avue mara moja. Asijikaze, na asipande baiskeli mpaka atulie kabisa.

Umri. Kampuni ya Sony ilipotoa miwani yake ya mwaka 2016 ilisema isitumiwe na watoto walio chini ya miaka 12. Meta nayo iliweka miaka 13, kisha mwaka 2023 ikashusha hadi 10 kwa usimamizi wa mzazi. Basi ukimwona mtoto wa chekechea amevalishwa, mvue.

Masikio. Ukiwa umesimama hatua moja kutoka kwa mtoto na unausikia muziki ulio masikioni mwake, ni mkubwa mno. Sikio likiharibiwa na kelele halirudi kuwa kama zamani.

Usafi. Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Dar es Salaam. Miwani moja ikipita nyuso kumi huweza kubeba ugonjwa kama huo, na mashilingi ya kichwani pia. Ifutwe kila anapobadilishwa mchezaji, na mwenye macho mekundu asiguse.

Muda. Tangu Januari 2022 Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa. Si kila mtoto apendaye gemu ni mgonjwa. Ugonjwa ni pale anaposhindwa kujizuia, akaacha shule, chakula na wenzake kwa ajili ya gemu, na hali hiyo ikaendelea kwa muda wa kama mwaka mzima.

JE, TUPIGE MARUFUKU?

Sioni hivyo. Ukikataza bila kueleza, atakwenda kucheza kwenye kibanda usichokijua, na siku akianguka utaambiwa na wapita njia. Afadhali uombe nawe uvae, dakika tano tu, ujue mwanao anaona nini. Kisha wekeni masharti pamoja: dakika kumi na tano halafu mapumziko, akae kitini, mtu mzima awepo, na isiwe usiku wakati wa kulala.

Pia mpeni mtoto michezo inayohitaji mwenzake. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alikuwa mpenzi wa bao. Katika bao unamwona mwenzako usoni, unacheka naye, unashindwa na kusalimiana. Ndani ya miwani mtoto yuko peke yake, hata kama sebule imejaa watu. Baba naye asikae pembeni katika hili, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye mwenye sauti mbele ya ndugu wanaotaka dawa iachwe. Msomee ukurasa huu kabla ya kikao cha ukoo, mwende mkiwa na neno moja.