Je, Ni Upuuzi Mkimbizi Kutaka Kuruka?

Muhula uliopita mwalimu wetu hapa Mbarara alituuliza kila mmoja kazi anayoitaka. Nilipojibu kuwa nataka urubani, darasa zima liliangua kicheko. Nilipokwenda nyumbani Nakivale likizoni, mjomba naye akasema, "Mpwa wangu, sisi twatafuta posho, nawe watafuta mbingu?" Leo nataka kuwajibu wote kwa heshima.

Kwanza, hamu hii sikuitoa vitabuni. Huko kwetu, kando ya ziwa, watoto hutengeneza tiara kwa vijiti na mifuko ya kavera. Siku ya kwanza tiara yangu iliposhika upepo, uzi ulivuta hata ukanikata kidole, kana kwamba juu kuna kitu hai. Nilisahau njaa. Kisha nikajiuliza: kwa nini haianguki? Swali hilo ndilo lililonifanya niipende fizikia. Basi furaha ile haikuwa mchezo tu, bali ilikuwa mwalimu.

Pili, wako wasemao kwamba safari za anga za juu ni anasa ya matajiri. Wana haki kwa sehemu. Mwaka 2021 kampuni ya Virgin Galactic ilitangaza bei ya kiti kimoja kuwa dola 450,000, kwa dakika chache tu za kuelea bila uzito. Fedha hizo zingejenga madarasa. Lakini kosa ni la bei, si la hamu. Mtazameni Bi. Wally Funk wa Marekani. Mwaka 1961 alifaulu majaribio magumu kama yale waliyofanyiwa wanaanga wa kwanza, lakini hakuchukuliwa, kwani wakati ule wanawake hawakukubaliwa. Akafundisha watu urubani miaka mingi. Tarehe 20 Julai 2021, akiwa na umri wa miaka 82, alipanda roketi ya Blue Origin akafika alikotaka. Miaka yote ile hakukosa uwezo; alikosa mlango.

Wala haya si mambo ya ng'ambo tu. Tarehe 7 Novemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa kutoka Marekani. Waliiunda vijana watatu wa Uganda waliosomea Japani. Na chuo cha urubani kilianzishwa Soroti tangu mwaka 1971.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Shule yetu ifanye mashindano ya tiara kila muhula, na kila mshindani aeleze kwa nini tiara yake iliruka. Tena, wanaochagua vijana wa kusomeshwa watazame alama zetu kabla ya kutazama kitambulisho cha ukimbizi.

Siombi tikiti ya kwenda angani. Naomba tu mlango usifungwe kabla sijapiga hodi. Nikifaulu, abiria wangu wa kwanza atakuwa mjomba, aione Nakivale yote kwa mara moja.