Mwanahiti naye apewe nafasi chuo kikuu

Nina dukuduku kuhusu sanaa zetu za jadi na vyuo vyetu vikuu.

Mimi ni mkazi wa Lugoba, kwenye barabara itokayo Chalinze kwenda Segera. Wapitao hapa kwa mabasi huona kokoto na vumbi la machimbo ya mawe tu. Lakini hapa ni Ukwere, na sisi Wakwere pamoja na jirani zetu Wazaramo na Wadoe tunaye mwanahiti. Kwa wasiomjua, ni sanamu ndogo ya mti yenye kichwa, kiwiliwili na maziwa, isiyo na mikono wala miguu, na kichwani ina vishungi viwili vya nywele. Mwali alipowekwa ndani alipewa mwanahiti, akampaka mafuta na kumtunza kama mtoto wake. Umbo hilohilo lilichongwa kwenye viti vya wakuu, kwenye fimbo za wazee, kwenye nguzo za makaburi na kwenye vizibo vya vibuyu vya dawa. Kwa hiyo mwanahiti alikuwapo mtu alipoingia utu uzima, alipougua na alipozikwa.

Likizo iliyopita mjukuu wangu wa kike, anayesoma katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, alinisimulia jambo lililoninyima usingizi. Darasani walionyeshwa picha ya mwanahiti iliyopigwa katika jumba la makumbusho huko Ulaya. Mwalimu akauliza nani anakijua kitu kile. Mjukuu wangu alikijua tangu utotoni, maana bibi yake anacho, amekifunga katika kanga ndani ya sanduku. Hakunyosha mkono. Aliogopa wenzake wasije wakamcheka kuwa ni mshamba na kwamba kwao ni kwa wachawi. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alinijibu, "Babu, pale hakuna kitu cha kwetu. Ukisema unakijua unajitenga mwenyewe."

Ndugu Mhariri, hilo ni jeraha, na si la mjukuu wangu peke yake. Wakoloni waliwaambia wazee wetu kwamba vitu hivi ni vya kishenzi, na huku wakivikusanya na kuvisafirisha kwao. Leo vimo ndani ya vioo Ulaya na Marekani, na vingi havina hata jina la aliyevichonga. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ili tuondokane na aibu hiyo. Lakini kasumba haitoki kwa kuunda wizara tu.

Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, juu ya ardhi ya Uzaramo. Miaka hiyohiyo ya 1960 mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, aliishi Bunju akijifunza mila za Wazaramo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1970 kwa Kiingereza. Kwa hiyo elimu juu ya mwanahiti ipo maktaba kwa wanaoitafuta. Ninachoomba mimi ni kwamba mwanahiti atoke kitabuni asimame uwanjani, mahali wanafunzi wanapopita kila siku, akiwa mkubwa kama mtu.

Wenzetu wamekwisha kufanya jambo la namna hiyo. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, ambacho nacho kimejengwa juu ya ardhi ya wenyeji, kilisimamisha gogo la mwerezi lenye urefu wa mita 17 hivi, lililochongwa na James Hart, chifu wa Wahaida. Linasimulia habari za shule za bweni walikopelekwa watoto wa wenyeji ili wasahau lugha na mila za wazazi wao. Yamepigiliwa humo maelfu ya misumari ya shaba kwa ajili ya watoto waliofia katika shule hizo, na baadhi ya walionusurika walishika nyundo wenyewe. Gogo haliwezi kufufua mtoto. Lakini mjukuu wa watu wale akipita pale anajua kwamba chuo kimekiri, na kwamba yeye si mgeni.

Najua yatakuwapo mapingamizi. Wako watakaosema mwanahiti ni siri ya unyago. Ni kweli yapo yasiyosemwa hadharani, na hayo yabaki kwa makungwi. Ndiyo maana nasema makungwi waulizwe kwanza, kabla ya gogo kukatwa. Lakini umbo lenyewe lilisimama wazi makaburini, kila mpita njia akaliona.

Wako watakaosema huu ni ukabila. La hasha. Dodoma waulizwe Wagogo, Mtwara waulizwe Wamakonde, kila chuo kianze na wenyeji wa mahali pake. Hata hapo Mlimani, kando ya mwanahiti iwekwe ile sanamu ya Kimakonde iitwayo ujamaa, ambayo watu wamebebana toka chini hadi juu. Aliyetoka Kagera au Kigoma akiiangalia hatakosa mahali pake.

Na wako ambao dini yao haipendi sanamu za watu. Hao ni ndugu zetu, na hapa kwetu ni wengi. Kwao pawekwe mlango wa nakshi kama ile ya Bagamoyo, maana nao ni sanaa ya mwambao huu.

Wachongaji hawako mbali. Soko la vinyago la Mwenge liko karibu kabisa na Mlimani, na hapo vinyago huchongwa kwa ajili ya watalii. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambacho sasa ni TaSUBa. Waitwe, walipwe haki yao, na majina yao yaandikwe chini ya kazi zao, ili kesho asitokee mtu wa kusema mchongaji hajulikani.

Kaulimbiu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni "Hekima ni Uhuru". Naomba wahusika walifikirie neno hilo. Mwanafunzi anayeficha kitu cha bibi yake hana uhuru, hata akipata shahada tatu.

Mke wangu amesema yuko tayari kuifungua ile kanga siku mchongaji atakapohitaji kuona mfano.

Babu wa Lugoba,
Chalinze, Mkoa wa Pwani.