Ujuzi Hauwekwi Ghalani

Mwenye kahawa akiona bei ni mbaya anaweza kufunga ghala na kungoja. Mwenye ujuzi hana ghala. Siku asiyofanya kazi imekwenda, na ujuzi wenyewe huanza kuchakaa. Somo hilo limewagharimu sana wachezaji wa hoki ya barafu wa Marekani na Kanada, ambao waajiri wao waliwafungia nje mara tatu kati ya mwaka 1994 na 2013.

Katika mgomo, mfanyakazi ndiye huweka zana chini. Katika kufungia nje, tajiri ndiye hufunga lango na kusimamisha mishahara mpaka masharti yake yakubaliwe. Ligi ya NHL ilifanya hivyo Oktoba 1994, ikafungua baada ya siku zaidi ya 100, na kila timu ikacheza mechi 48 badala ya 84. Septemba 2004 ilifunga tena, na safari hiyo msimu mzima wa mechi 1,230 ukafutwa. Mara ya tatu ilikuwa Septemba 2012 hadi Januari 2013.

Kwa kuwa miguu ya mchezaji haingoji mazungumzo, wengi walitafuta soko jingine. Mwaka 1994 Wayne Gretzky aliongoza kundi la nyota kwenda kucheza mechi za maonyesho Ulaya. Mwaka 2004/2005 karibu wachezaji 400 walisajiliwa na klabu za Ulaya kwa nyakati mbalimbali. Joe Thornton na Rick Nash walikwenda Davos, Uswisi, wakatwaa ubingwa wa nchi hiyo, na mwaka 2012 wakarudi huko huko. Mwaka huo Alexander Ovechkin alirejea Dynamo Moscow, naye Jaromir Jagr akaichezea Kladno, timu ya mji wake ambayo pia alikuwa akiimiliki.

Vijana walioruhusiwa na mikataba yao walishushwa daraja la chini. Jason Spezza alicheza Binghamton msimu wa 2004/2005 na kuongoza ligi hiyo kwa pointi 117. Waliobaki nyumbani walikodi viwanja vya barafu kwa makundi na kulipa kutoka mifukoni mwao, maana makocha na maofisa wa timu walikatazwa kuwasiliana nao. Zilikuwapo pia mechi za hisani, kama ile ya Novemba 2012 mjini Atlantic City kwa ajili ya waathirika wa kimbunga Sandy.

Kwa mchezaji mmoja mmoja, hiyo ilikuwa biashara ya busara. Alihifadhi mwili na jina lake, na wengine waliambulia chochote. Lakini kwa chama chao hesabu ilikuwa tofauti, na hapo ndipo wengi walipojidanganya.

Kwanza, soko la Ulaya ni dogo. Chama kilikuwa na wachezaji zaidi ya 700, wakati klabu za Ulaya zina mifuko miembamba na nafasi chache za wageni. Kila aliyeingia aliweza kumsukuma mwenyeji benchi. Nchini Sweden mwaka 2012 klabu za ligi kuu zilikubaliana kutosajili wageni wa mkataba mfupi, hadi mamlaka ya ushindani wa biashara ikaingilia kati.

Pili, ipo bima. Mchezaji mwenye mkataba wa mamilioni ya dola NHL akivunjika mguu Moscow, ni nani atakayemlipa? Ilibidi mkataba huo ukatiwe bima kabla hajakanyaga barafu, na kadiri mshahara wake ulivyokuwa mkubwa ndivyo gharama ilivyopanda.

Tatu, na hili ndilo zito, nafasi hizo ziliwaendea zaidi wenye majina. Mchezaji wa kawaida aliyekaribia kustaafu alipoteza mwaka usiorudi. Hata wakongwe maarufu kama Mark Messier, Ron Francis na Scott Stevens walistaafu mwaka 2005 bila kucheza tena NHL. Wauza vyakula na wakata tiketi viwanjani hawakuwa na Davos ya kukimbilia. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Matokeo yanajieleza. Mwaka 2005 wachezaji walikubali mikataba iliyokuwapo ikatwe asilimia 24, na kila timu ikawekewa kikomo cha mishahara cha dola milioni 39. Mwaka 2013 fungu lao la mapato lilishuka kutoka asilimia 57 hadi 50. Mabao yote yaliyofungwa Urusi na Uswisi hayakuzuia hilo. Matajiri walijua kuwa nyota wangeweza kungoja hata mwaka. Waliwahesabu wale wasioweza.

Chama chochote kinachoelekea kujadili mkataba wa hali bora za kazi kingefanya vema kuiga hesabu hiyo mapema. Bima ya pamoja, mahali pa mazoezi na akiba ya kuwakimu wanachama wadogo viandaliwe kabla lango halijafungwa. Mwenye jina atapata pa kwenda bila kusaidiwa. Asiye na pa kwenda ndiye atakayeomba mkataba usainiwe kwa bei yoyote, na kura yake ina uzito sawa na ya nyota.